Kasha la seva na usingizi wa mama

Wengine wenu mmeniandikia mkiuliza kwa nini niliitoa seva yangu ya kwanza ya nyumbani, ile niliyoisifu sana, nikaweka tarakilishi ya kawaida ndani ya kasha kubwa la chuma. Mmoja ameniambia nimerudi nyuma. Huenda. Jibu ni refu kidogo, kwa hivyo mimina chai kwanza.

Seva ile niliinunua mwaka 2023. Ilikuwa ya mtumba, imetolewa katika kituo cha data huko Uingereza: prosesa mbili, RAM ya gigabaiti 64, nafasi nne za diski, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya simu nzuri. Mimi nilisomea sayansi ya tarakilishi kwa miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyenifundisha kuuliza mashine inapiga kelele kiasi gani. Tuliulizwa tu programu ina kasi gani. Dukani nako sikusikia kitu. Duka lenyewe liko Luthuli Avenue, ambako kila muuza spika anashindana na jirani yake, na ukiwa hapo hata jenereta ikiwashwa miguuni pako huwezi kujua.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze. Mashine za kuwekwa kwenye raki hupimwa kwa U. U moja ni inchi 1.75, yaani milimita 44.45, kwenda juu. Upana haubadiliki: bamba la mbele, pamoja na masikio yake mawili ya kufungia skrubu, ni inchi 19, yaani milimita 482.6. Kwa hivyo 1U ni mashine nyembamba kama sanduku la piza, na 4U inakaribia shubiri.

Wembamba huo ndio ulioniponza. Ndani ya milimita 44 feni inayoingia ni ya milimita 40 tu, na feni ndogo hivyo haisukumi hewa ya maana mpaka izunguke kama imerogwa: mara elfu kumi kwa dakika, na nyingine hupita hapo. Hesabu yake ni hii. Feni mbili zikiwa na umbo moja, hewa inayosukumwa kwa mzunguko mmoja hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu. Feni ya milimita 120 ina kipenyo mara tatu ya ile ya 40, kwa hivyo kila ikizunguka mara moja inasukuma hewa takriban mara 27. Inaweza kujikokota kwa mizunguko 800 na kazi ikafanyika. Ile ndogo lazima ipige mluzi. Katika kituo cha data hakuna anayejali, maana hakuna anayelala humo.

Kwangu kuna anayelala. Naishi Nairobi, upande wa Eastlands, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Kabati la seva liko chumbani, kwa sababu sebuleni huja mtoto wa dada yangu, na huyo akiona kitufe chenye taa hakiachi. Mimi nilizoea mluzi. Nilijiambia ni kama mvua juu ya bati. (Si kama mvua juu ya bati.)

Agosti 2024 mama alipanda treni kutoka Voi kuja kliniki ya macho. Nilimpa chumba, mimi nikahamia kochi la sebuleni. Hakulalamika. Asubuhi ya pili aliniuliza tu, "Mwanangu, hii mashine yako hailali?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba seva hailali, ndiyo maana yake kuwa seva. Akasema "haya," akaendelea kuchambua mboga. Leo nikikumbuka ile "haya" najua ilikuwa na mengi ndani yake.

Sasa, nilikuwa na mpango wangu. Kila jioni baada ya chakula tulikaa jikoni, mimi, yeye na laptopu yenye maikrofoni, nikamrekodi. Alisimulia jinsi yeye na marehemu baba walivyofungua duka pale Voi wakiwa na magunia mawili ya sukari na mizani ya kuazima. Aliimba nyimbo za Kidawida alizofundishwa na nyanya. Nilitoa picha za zamani, naye akazipitia moja moja akitaja majina ya watu ambao mimi nilikuwa nikiwaita "yule mwenye kofia." Jioni kumi na moja. Tulirekodia jikoni kwa sababu chumbani mluzi wa seva uliingia kwenye maikrofoni. Hilo peke yake lilipaswa kunistua: mashine ya kutunza sauti ya mama ilikuwa inatufukuza chumbani.

Seva ilipangwa kuamka saa nane usiku, kuingia kwenye laptopu na kuchukua nakala ya kila kitu kipya. Ikishindwa, inanitumia barua pepe. Sikupata barua pepe hata moja, kwa hivyo nililala vizuri kwenye kochi langu.

Siku ya kumi na mbili nilimsindikiza mama hadi stesheni ya Syokimau. Niliporudi nikafungua laptopu, nayo ikaniambia haioni diski. SSD ilikuwa imekufa. Hata BIOS haikuitambua. Sikushtuka sana. Mtu mwenye nakala za akiba hashtuki. Nikaingia kwenye seva. Nakala ya mwisho ilikuwa ya usiku wa kuamkia siku mama alipofika.

Nikaangalia kumbukumbu za mashine kuwaka na kuzimika. Kila siku kwa siku kumi na moja, iliwaka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Na kila usiku, kabla ya saa tano, kumbukumbu zilikatika ghafla, bila dalili ya mashine kuzimwa kwa utaratibu. Nilimpigia mama simu. Alikuwa bado kwenye treni.

"Nilikuwa naichomoa usiku ipumzike," akasema, "na alfajiri nairudisha kabla hujaamka, usije ukahangaika. Kwani imeharibika?"

Nikamwambia, "La mama, haijaharibika."

Kwa watu wa kompyuta, makosa yangu yanaonekana waziwazi. Cron ikikuta saa yake imepita wakati mashine imezimwa, hairudii kazi asubuhi, imepita, imepita. Na nilikuwa nimeikabidhi seva kazi ya kutangaza kifo chake mwenyewe. Maiti haitoi tangazo. Siku hizi kazi zangu hutumia kipima muda cha systemd chenye mpangilio wa kurudia kazi iliyokosekana, na kuna mashine nyingine nje ya nyumba inayolalamika ikiwa haijasikia kutoka kwa seva kwa saa 26. Hayo yalinichukua jioni moja. Lakini hata programu ikiwa safi namna gani, mtu akikosa usingizi atachomoa waya, na atakuwa na haki.

SSD ilikuwa na usimbaji, na fundi wa kurejesha data aliniambia ukweli baada ya siku mbili badala ya kunila pesa. Kilichobaki ni dakika nne kwenye simu yangu, nilizorekodi chumbani usiku ule wa kwanza kabla hatujahamia jikoni. Mama anaeleza habari za ile mizani ya kuazima. Nyuma yake, mwanzo hadi mwisho, ni feni za milimita 40, kama mbu aliyekwama sikioni.

Basi nikaanza kutafuta kasha. Zamani ningeanza na prosesa, kisha bodi, kisha kasha likawa la mwisho, chochote kinachoweza kufunika. Safari hii nilianza na feni, nikauliza kasha gani linaibeba.

Mtaniuliza, kwa nini usinunue tu tarakilishi ya kusimama, uiweke kwenye kona? Swali zuri, na kwa wengi wenu hilo ndilo jibu. Mimi nina kabati la raki la 9U, lenye mlango na kufuli, na ndani yake kuna ruta, swichi na waya zote zilizokuwa zikizagaa sakafuni. Vumbi la kwetu haliingii kwa urahisi, na yule mtoto wa dada hafiki. Nilitaka kila kitu kikae humo.

1U niliifuta bila mjadala. 2U ni milimita 88.9, na humo feni ya 80 inaingia. Si mbaya. Tatizo ni pawa saplai. Ile ya kawaida ya ATX, unayoipata kila duka, ina unene wa milimita 86. Ukiondoa unene wa bati la juu na la chini, imebaki nafasi ya kupitisha karatasi, ndiyo maana makasha mengi ya 2U yanataka pawa saplai za aina yao, nyembamba, zenye feni ndogo. Ambayo ni kusema mbu amerudi kwa mlango wa nyuma. Tena pawa saplai ya namna hiyo ikiungua siku ya Jumapili, unaipata wapi? Kadi za kawaida nazo hazisimami wima ndani ya 2U. Lazima ununue kadi fupi au uzilaze kwa kiunganishi.

3U, milimita 133.35, ndiyo niliyoipenda kwenye karatasi. Feni ya 120 inapita kwa taabu, pawa saplai ya kawaida inaingia, kadi inasimama. Nilizunguka Nairobi wiki mbili sikuipata hata moja.

Ikabaki 4U. Milimita 177.8, feni za 120 mbele bila kubanana, pawa saplai yoyote, na kipozea cha prosesa kirefu, cha karibu milimita 150 katika makasha mengi. Ubaya wake ni kwamba unakula karibu nusu ya kabati langu. Lakini raki yangu haina wateja wanaongojea nafasi. Wanaolipia raki kwa U ndio wanaobana, na sisi wa nyumbani tunaiga ubanaji wao bila kuwa na bili yao.

Halafu kuna kina, jambo ambalo watu hulisahau mpaka mlango ukatae kufunga. Najua kwa sababu lilinipata. Kabati langu la kwanza lilikuwa la kina cha milimita 450, yale yanayouzwa kwa mafundi wa CCTV, na seva yangu ya 1U ilikuwa na zaidi ya milimita 700. Ilichomoza nje kama ulimi. Nikabadilisha nikachukua kabati la 600, ikachomoza kidogo. Makasha mengi ya 4U yanayosifiwa huko nje yana kina cha milimita 650, kwa sababu nyuma ya feni wameweka nafasi za diski nane au zaidi. Mimi nina diski mbili. Nilihitaji kasha fupi, chini ya 480, maana nyuma lazima ubakishe nafasi ya waya kupinda. Waya wa umeme unahitaji kama sentimita sita au saba kabla haujakubali kugeuka. Pima kabati lako kwa ndani, kutoka kwenye nguzo ya mbele yenye matundu hadi bati la nyuma. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye sanduku. Hiyo ni ya nje.

Nilifikiria kuagiza kutoka ng'ambo. Kasha lenyewe kilo 10, bei ya kuridhisha. Nikaja kwenye usafiri. Mizigo ya ndege mara nyingi hulipiwa kwa uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawanya kwa 5000 kwa wasafirishaji wengi wa vifurushi. Sanduku la 65 kwa 55 kwa 28 linakuja kilo 20. Yaani nilipie kilo kumi za hewa, kwa sababu nataka kasha lenye nafasi ya hewa. Nikafunga ukurasa.

Lililonisaidia lilikuwa limekaa Luthuli, juu ya rafu, chini ya spika mbili. Kasha la 4U la kiwandani, kina milimita 450, lililokuwa na mashine ya kurekodi kamera. Rangi imechubuka, mlango mdogo wa mbele hauna ufunguo, ndani tupu. Mwenye duka alitaka elfu tisa. Nikamwonyesha kutu kwenye kona, akanionyesha unene wa bati. Tukakubaliana elfu sita na mia tano. Kabla ya kulipa nilifanya mambo matatu: nikapima upana wa mwili bila masikio (milimita 430, na nafasi kati ya nguzo za raki ni kama 450, kwa hivyo linapita), nikaweka bodi kuu ya micro-ATX niliyokuja nayo kwenye begi kuona kama matundu yanalingana, na nikatafuta pale mbele mahali pa feni ya 120. Palikuwepo pawili. Wapita njia waliniangalia kama mtu anayepima jeneza.

Kilichokosekana ni mahali pa diski. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Kariobangi Light Industries, mzee wa mabati, anayetengeneza visanduku vya umeme. Diski ya inchi 3.5 ina upana wa milimita 101.6 na kimo cha takriban 26. Nilimchorea, akaangalia mchoro kwa sekunde tano, akaniuliza, "Kijana, hii kitu inatetemeka?" Nikasema ndiyo, inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Akasema basi ukiifunga chuma kwa chuma, sanduku lote litakuwa ngoma. Akakata vipande vya ndala kuukuu, akatoboa, akaviweka kati ya diski na bati. Shahada yangu haikuwa na somo hilo.

Alikosea mahali pamoja tu, na kosa ni langu. Nilimwomba pia trei ya kuwekea ruta, nikamwambia kila U ina matundu matatu. Yeye, kama mtu yeyote mwenye akili, akagawanya inchi 1.75 kwa tatu. Trei ilipofika nyumbani tundu moja liliingia, mengine yakakataa. Matundu ya raki hayalingani: kutoka moja hadi jingine ni inchi 5/8, kisha 5/8, kisha 1/2, halafu yanaanza upya. Nilipomrudia na kumwonyesha alipima mara mbili, akatikisa kichwa, akauliza aliyepanga hivi alikuwa na shida gani. Akaitoboa upya bila malipo.

Ndani niliweka bodi na prosesa ya tarakilishi ya ofisi iliyostaafishwa, RAM ya gigabaiti 16, na diski mbili za terabaiti 4 zinazoakisiana. Feni mbili za 120 zinavuta hewa mbele kupitia sponji nyembamba, na nyuma ipo moja tu inayotoa. Zinazoingiza zikizidi inayotoa, hewa ya ndani inasukuma nje kupitia kila ufa, na vumbi halipati pa kupenyea isipokuwa kwenye sponji, ambayo naiosha mara moja kwa mwezi. Diski hazijapita nyuzi 41. Kwa mita ya soketi, seva ya zamani ilikula wati 148 mchana na usiku, karibu uniti 107 kwa mwezi. Hii inakula 42, yaani uniti 30. Kwa bili yangu, ambako uniti ilikuwa kama shilingi 28 nikijumlisha kodi zote, ni tofauti ya zaidi ya shilingi 2,100 kila mwezi. Kasha lilijilipa bila kunishauri.

Ndiyo, imepungukiwa nguvu. Sijawahi kuhitaji zile prosesa mbili.

Mama alirudi Februari 2025 kuangaliwa macho tena. Nilimpa chumba kama kawaida, lakini usiku wa kwanza sikulala mapema. Nilikaa sebuleni na laptopu mpya nikiangalia seva kama bado ipo. Saa tano ikapita. Saa sita. Saa nane nakala zikachukuliwa. Asubuhi alitoka akiwa na kanga begani, akaweka maji ya chai, akaniuliza, "Ile mashine uliuza?"

Nikamwambia ipo, iko nyuma ya mlango, umelala nayo. Hakuamini. Akaingia akafungua kabati akaweka kiganja juu ya bati, kama anavyopima mtoto homa.

Jioni hiyo tulirekodia chumbani, yeye kitandani, mimi sakafuni. Nilimwomba aanze tena na ile mizani ya kuazima. Alisimulia, lakini tofauti. Safari hii magunia yalikuwa matatu na mwenye mizani alikuwa na jina. Nyimbo mbili hazikurudi. Alijaribu, akakwama mstari wa pili, akasema labda zitakuja akiwa anapika. Nimesikiliza rekodi hiyo kwa spika za masikioni, sauti ikiwa juu kabisa. Nyuma yake kuna honi ya matatu barabarani, jirani akisukuma chapati, na yeye akivuta pumzi akitafuta ule mstari.